Mbwa gani anafaa maisha unayoishi? Niliyoyaona kwa Simba wangu wa Kireka

Mwana wa Kireka (mwenye uzi)

Habari zenu wanajamvi, na wakubwa zangu shikamooni.

Ndani ya mwezi huu nimeona watu wanne wakiuliza swali moja: "Nataka mbwa, aina gani ni nzuri?" Majibu huwa ni picha. Huyu anaweka Rottweiler, yule anaweka Boerboel kifua mbele, mwingine kijibwa cheupe cha manyoya. Hakuna anayemuuliza mwenzake anatoka nyumbani saa ngapi na anarudi saa ngapi. Mimi pia sikuulizwa, na aliyeumia ni mbwa. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Mwaka 2019 nilikuwa nimepanga Kireka, pembeni ya Kampala. Vyumba viwili na sebule, mbele kuna ua wa kutosha gari moja na kamba ya nguo. Jirani yangu alikuwa amevunjiwa mara mbili, hofu ikanishika. Nikanunua German Shepherd wa miezi miwili kwa shilingi laki nane za Uganda, nikamwita Simba. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, hilo naomba mlielewe. Sikuwa mtu mbaya kwa mbwa. Chanjo alipata, chakula alipata, maji hayakukauka kwenye bakuli lake.

Lakini mimi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nitangulie foleni ya barabara ya Jinja, na narudi saa mbili usiku. Saa kumi na nne na nusu. Alipofika miezi minane alikuwa mbwa mkubwa aliyefungwa kwenye mnyororo wa mita mbili, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka azurure uani kukiwa na watoto wa wapangaji. Alizunguka, akazunguka, mpaka majani yakaisha na pakabaki duara la udongo mtupu. Alitafuna mpira wa maji. Akatafuna fremu ya mlango. Mwisho akaanza kutafuna mkia wake mwenyewe mpaka ukatoka damu.

Daktari wa mifugo alipokuja kuutibu ule mkia aliniuliza neno moja tu: "Huyu mbwa mchana kutwa anafanya kazi gani?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nikasoma historia ya mbwa niliyemnunua, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kutoa hela. German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1899 na ofisa mmoja wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz. Hakumtengeneza kwa ajili ya geti. Alimtengeneza achunge kondoo mahali pasipo na uzio, atroti kutwa nzima pembezoni mwa kundi, aende na kurudi, ahakikishe kondoo hawaingii shamba la watu. Nikatoka nje na tochi nikaliangalia lile duara la udongo. Simba alikuwa anafanya kazi yake. Kondoo tu ndio hawakuwepo.

Mjomba wangu ana ng'ombe Luweero. Nilimpeleka huko, nikarudi na mnyororo mtupu mkononi. Sikufuga tena kwa miaka miwili.

Sasa ninaye Kahawa, jike wa kienyeji, nilipewa na mama muuza matooke mbwa wake alipozaa. Kilo zake kama kumi na tano. Anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), na nikipata matumbo namchemshia. Nikiondoka analala kivulini, nikirudi tunatembea nusu saa mpaka kwenye kile kilima cha nyuma, basi ametosheka. Mtu akigusa geti usiku mtaa mzima unajua. Na huo ndio ulinzi niliokuwa nautafuta tangu mwanzo, sikujua tu kwamba sikuhitaji meno, nilihitaji sauti.

Kwa hiyo anayeniuliza leo aina gani ni nzuri, mimi kwanza nataka kujua siku yake ilivyo. Nani yuko nyumbani mchana? Nani atampikia? Ukisafiri kwenda kijijini Krismasi, wiki mbili, anabaki na nani? Ua una ukuta, au ni vyumba vya kupanga vya mlango kwa mlango? Mwenye nyumba amekubali kwa mdomo wake, au unategemea hataona? Kodi yako ni ya miezi mitatu mitatu, ila mbwa mkubwa anaishi miaka kumi na mdogo anaweza kufika kumi na tano. Katika miaka hiyo wengi wetu tutahama nyumba mara nne.

Nitarudi kuandika kuhusu aina moja moja. Wenye uzoefu karibuni.

Mama Twaha, Bombo

Ahsante sana mwanangu kwa kusema ukweli. Nami niongeze la kwetu.

Sisi ni Waislamu, na hapa Bombo nyumba nyingi ni za Kiislamu. Watu hudhani hatufugi mbwa kabisa. Marehemu baba yangu alikuwa askari jeshi na tumekua na mbwa uani, mbwa wa ulinzi wameruhusiwa. Ila mbwa haingii ndani, mate yake ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba na moja ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo nyumba kama yangu ikichukua kile kijibwa cheupe cha kulala kwenye kochi, ni kumtesa yeye na kujitesa sisi. Atalia mlangoni usiku kucha, maana amezoeshwa kuwa na watu.

Mbwa wangu watatu wote ni wa kienyeji. Wana banda lao lililoinuliwa na kuezekwa bati, bakuli zao ziko peke yake, na kijana mmoja kazi yake ni hiyo. Majirani wanaokwenda msikitini alfajiri wanapita kwangu bila shida kwa sababu saa kumi usiku tunawafungia. Ukichagua mbwa, chagua na wa kuwafaa majirani.

Daktari wa Lira

Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi huku kaskazini. Ndugu mwenye uzi amesema mengi ya maana, naongeza upande wa magonjwa, kwa sababu hapa Uganda nao ni sehemu ya kuchagua.

Watu wananunua mbwa wa Ulaya Kampala halafu wanampeleka kijijini. Huko kuna kupe, na kuna mbung'o. Mbwa akiumwa na mbung'o mwenye vimelea vya nagana, homa hupanda, anakonda, damu inapungua, na mara nyingi macho hugeuka kama yamewekwa maziwa. Wenyewe wananiletea wakisema amepofuka. Wengine wanafika wakiwa wamechelewa, siwezi tena kuwasaidia. Mbwa wa kienyeji naye huugua, msidanganyike kwamba ni chuma, lakini vizazi na vizazi vyake vimepita kwenye magonjwa haya na aliyebaki ni yule aliyeyamudu. Kama unaishi karibu na mbuga au kwenye vichaka vya mbung'o na hujajipanga kwa dawa na vipimo, usimlete Rottweiler huko.

Homa za kupe ndizo zinazojaza kliniki yangu. Mbwa mwenye manyoya marefu mazito, kama huna muda wa kumpapasa mwili mzima kila jioni, huwezi kumwona kupe aliyejificha sikioni au katikati ya vidole. Mwenye manyoya mafupi unamwona mara moja. Hilo nalo ni jambo la mtindo wa maisha.

Chanjo haichagui aina ya mbwa. Parvo huua watoto wa mbwa kwa siku chache kwa kuhara damu, kwa hiyo anza wiki ya sita hadi ya nane, urudie kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa mpe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna kurudi nyuma. Nimewaona wazazi waliopaka pilipili na mafuta ya taa, naomba tuache kabisa.

Nesi wa zamu

Dada yenu hapa. Naishi Ntinda, ghorofa ya tatu, peke yangu. Wiki mbili nafanya zamu ya mchana, wiki mbili usiku. Tangu mwaka jana moyo wangu uko kwa Husky, yale macho ya buluu. Kuna mtu anauza. Nimesoma uzi huu nikaanza kusitasita. Mnanishauri nini? Msinifiche.

Mwana wa Kireka (mwenye uzi)

Dada Nesi, ahsante kwa kuuliza kabla ya kutoa hela.

Husky anatoka Siberia. Kazi yake ilikuwa kuvuta mzigo kwenye theluji, mbali sana, akiwa kwenye kundi la wenzake. Ana manyoya ya tabaka mbili. Kampala ina unafuu kwa sababu tuko juu, kama mita 1,200, hakuna joto la Gulu la mwezi wa pili, lakini bado ni mbwa wa baridi kwenye jua la ikweta. Hilo la joto labda ungelimudu kwa feni na kumtembeza alfajiri. Ambalo hutalimudu ni upweke. Yeye ni wa kundi, wewe uko peke yako na unaingia kazini saa kumi na mbili. Atalia kwa sauti ya mbwa mwitu, na ghorofa nzima iko chini yako.

Sisemi usifuge. Nasema si huyo. Na si mtoto wa mbwa wa aina yoyote, kwa sababu wa miezi miwili anataka kutolewa nje kila baada ya saa mbili au tatu. Tafuta mbwa mzima, mtulivu, wa miaka mitatu au minne. USPCA, chama cha kutunza wanyama hapa Kampala, wanapokea mbwa walioachwa, nenda ukakae nao, uone nani anakuja kulala miguuni pako. Mbwa mzima tabia yake unaiona, wa miezi miwili unaibahatisha.

Sasa zile aina nilizoahidi. Sitazigusa zote, ninazoulizwa tu.

Rottweiler jina lake linatoka mji wa Rottweil, Ujerumani. Alikuwa mbwa wa wachinjaji, akiwaswaga ng'ombe kwenda mnadani. Dume anafika kilo hamsini na zaidi. Ni mbwa mwerevu na anashikamana sana na mtu wake, na hapo ndipo wengi tunapokosea Muyenga na Kyanja: mwenye nyumba ananunua, askari wa geti ndiye anayemlisha na kukaa naye. Miezi sita baadaye mbwa ni wa askari. Askari akiacha kazi, umebaki na kilo hamsini zisizokujua. Kama hutamlisha kwa mkono wako, usimchukue.

Boerboel ni wa mashamba ya Afrika Kusini. Huyo anaweza kuwa na uzito kama wa mtu mzima. Anahitaji shamba, ukuta, na mtu aliyewahi kufuga mbwa wakubwa. Kwa anayeanza, hapana.

Maltese na Japanese Spitz ndio wanaofaa nyumba ndogo yenye mtu ndani mchana: bibi, mama anayefanya kazi nyumbani, mwanafunzi. Maltese nywele zake haziachi kukua, usipozichana siku tatu zinajifunga mafundo yanayovuta ngozi mpaka inauma. Spitz anapukutisha manyoya na ana mdomo, anabweka hata kwa boda iliyopita barabara ya pili. Kwa ulinzi wa sauti ni mzuri ajabu. Wenye pua bapa kama Pug na Bulldog, hata nikipewa bure siwachukui: wanahema kwa shida kwenye joto, na mchana mmoja ndani ya gari lililofungwa unatosha kuwaua.

Yupo mmoja wa jirani zetu wa Kongo ambaye watu hawamtaji, Basenji. Hana kubweka kwa kawaida, ana sauti kama ya kuimba. Wawindaji wa msituni humvalisha kengele ya mbao shingoni ili wajue yuko wapi. Ni msafi, anajilamba kama paka. Lakini ni mwindaji, kuku wa jirani hawatapona, na kwa anayetaka kengele ya geti huyu hafai kitu.

Mkufunzi wa Mbwa, Mukono

Naomba kutofautiana kidogo na kaka mwenye uzi, kwa heshima.

Nimefundisha mbwa wa ulinzi kwa muda mrefu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hufuata mtu wake. German Shepherd anaweza kuishi Kireka vizuri kabisa. Nina mteja ana ua mdogo kuliko wa kaka, lakini anaamka saa kumi na moja, wanakimbia dakika arobaini na tano, akirudi jioni anamfichia vitu ili avitafute kwa kunusa, robo saa. Yule mbwa mchana analala fofofo. Kunusa nako kunamchosha mbwa sana, watu hawalijui hili. Kwa hiyo tusiwaogopeshe watu na aina, tuwaambie kazi inayokuja na aina hiyo.

Na jingine: mnyororo haumfanyi mbwa kuwa mlinzi. Unamfanya mwoga, na mwoga ndiye anayeuma watoto. Mfundishe pia asipokee chakula kwa mgeni. Wezi wa siku hizi wanatupa nyama yenye sumu ukutani kwanza, wanasubiri.

Mwana wa Kireka (mwenye uzi)

Mkufunzi, nakubali. Ningekuwa na zile dakika arobaini na tano Simba angekuwa hapa. Sikuwa nazo, na sikuwa mkweli kwa nafsi yangu kwamba sitakuwa nazo. Hilo la kuficha vitu nitalijaribu kwa Kahawa kesho.

Otim wa Gulu

Mnaongea kama mbwa wa kienyeji ni wa asiye na pesa. Njooni Gulu. Kuna mradi unaitwa Comfort Dog Project, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Wanachukua mbwa wa kienyeji waliookolewa, wanawafundisha, halafu wanawaunganisha na watu waliopitia vita vya huku, wale ambao usiku bado hawalali. Mtu na mbwa wanafundishwa pamoja. Hakuna Mzungu kwenye damu ya wale mbwa. Katika ukoo wetu yumo mtu ambaye hakuwa anatoka nyumbani. Sasa anatoka, kwa sababu mbwa lazima atembee.

Sina zaidi.

Baba Pacha, Mbarara

Wanunuzi wa barabarani jihadharini. Mimi niliuziwa "German Shepherd safi" kwenye boksi kando ya barabara, akakua masikio yakalala, miguu mifupi. Tunampenda, watoto hawasikii lolote juu yake, ila nililipa bei ya kitu kingine. Dai kumwona mama yake. Muuzaji akisema mama yuko kijijini, ondoka. Na mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Tumbo likiwa limejaa kama puto na mbavu zinaonekana, hiyo ni minyoo, si shibe.

Daktari wa Lira

Baba Pacha amegusa penyewe. Kwa German Shepherd uliza pia habari ya nyonga za wazazi. Aina hiyo hurithi nyonga isiyokaa sawa, utamwona anainuka kwa shida asubuhi, anaruka kama sungura akikimbia. Na wote, wa kienyeji kwa wa kigeni: kama hutaki kuzalisha, mhasi dume, mfunge kizazi jike. Watoto wa mbwa ninaowaokota sokoni wamezaliwa kwenye nyua za watu wenye mageti.

Nesi wa zamu

Nimerudi kuwapa taarifa. Husky nimemwacha, japo nililia kidogo. Jumamosi nilikwenda kuangalia mbwa walioachwa. Wengine walirukaruka, mmoja mzee kidogo, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika, alikuja akaegemea goti langu akatulia hivyo hivyo. Wanasema ana kama miaka mitano. Nimezungumza na mlinzi wa ghorofa, mkewe atamtoa nje mara mbili nikiwa zamu ya mchana, nitamlipa. Mwenye nyumba nimemwandikia na amekubali kwa maandishi. Ijumaa namleta. Daktari, chakula cha wiki ya kwanza nimpe nini?

Daktari wa Lira

Hongera dada. Kwanza uliza alikuwa anakula nini huko, mpe hicho hicho siku nne tano, kisha badilisha taratibu, la sivyo atahara na utadhani anaumwa. Posho na mukene ni sawa, ongeza nyama au mayai na mboga kidogo. Usimpe vitunguu, chokoleti wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Mwana wa Kireka (mwenye uzi)

Dada Nesi, umenifurahisha mno.

Kuna aliyeniandikia faraghani akiuliza Simba yuko wapi sasa. Nilikwenda Luweero Pasaka iliyopita. Nilimkuta malishoni na mjomba, manyoya yamejaa vumbi, mkia umepona, umebaki na alama tu. Niliita jina lake nikiwa mbali. Alisimama, akainua masikio, akaja mbio. Alininusa mikono, akaninusa viatu, akaketi miguuni pangu akiegemea. Tulikaa hivyo dakika chache. Kisha ndama mmoja akaanza kuchepuka kuelekea shamba la muhogo, mjomba akapiga mluzi, na Simba akainuka akaenda.